Simu ina PDF 400 za bure na hakuna iliyomalizwa: ubaya ni wa bure, wa PDF, au wa msomaji?

#1 Mla Karatasi
Wakuu, salaam. Naleta hoja, mnipinge kwa hoja.

Nakala laini za bure, yaani vitabu vya kusomea kwenye simu, zimeharibu usomaji kuliko zilivyousaidia. Chukua simu ya mwanafunzi yeyote wa chuo. Folda ya Telegram ina PDF mia tatu, mia nne. Fungua moja moja: imefika ukurasa wa 11, nyingine wa 14, nyingine haijawahi kufunguliwa kabisa. Kitabu cha Sh 15,000 kinasomwa kwa uchungu wa hela yake, hata kama kinachosha. Cha bure hakina mwenyewe.

Faida zake nazijua: hakichukui nafasi, hakiazimwi kikapotelea Mbagala, kinapatikana saa nane ya usiku. Hizo tusirudie. Ninachouliza ni kwa nini havimalizwi.

#2 Fundi Epub
Mkuu, umemkamata asiye mwizi. Mwizi ni PDF.

Piga hesabu. Simu ya inchi 6.5 ina kioo chenye upana wa sentimita 6.8 hivi. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Ukiutoshelezea kwenye kioo, herufi iliyopangwa kwa pointi 12 inashuka hadi chini ya pointi 4. Maandishi ya gazeti ni pointi 8 au 9. Kwa hiyo msomaji anakuza kwa vidole viwili, anavuta kulia, anarudi kushoto, anashuka mstari, anavuta tena. Ukurasa wa mistari 40 ni mivuto 80. Nani atafika ukurasa wa 15?

EPUB, aina nyingine ya faili la kitabu, haina ukurasa. Ndani yake ni maandishi matupu yanayojipanga upya kulingana na kioo. Unaongeza fonti, mistari inajikunja yenyewe, unashuka kwa kidole gumba tu.

Kama huna EPUB na umebaki na PDF ya A4: laza simu. Upana unakuwa sentimita 15, herufi inapanda hadi pointi 8 na nusu. Kisha kata pambizo. Programu za kusomea za ReadEra na Librera zote zina kitufe cha kukata pambizo. Ukiondoa sentimita mbili na nusu kila upande, herufi inafika pointi 11. Hapo panasomeka.

#3 Chumvi ya Pemba
Kwa hiyo simu ikilazwa kitabu kinasomeka, na msomaji naye akilazwa analala. Nimeelewa sasa kwa nini havimalizwi.

#4 Dada Mkutubi
Kabla hatujaenda mbali: mnasema "bure" kana kwamba ni kitu kimoja, na hasara zake hazifanani.

Kuna kitabu ambacho muda wa hakimiliki umekwisha. Hicho ni halali, lakini kwa sehemu kubwa ni cha zamani. Kuna ambacho mwenyewe amekitoa kwa leseni huria: hadithi za watoto za African Storybook na StoryWeaver ziko hapo, nyingi zina Kiswahili, na vitabu vya vyuo vya OpenStax. Kuna ambacho taasisi imelipia ili wewe usome, kama vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Halafu kuna hiki cha Telegram, ambacho mtu kakiskani kwa simu, kidole gumba chake kinaonekana kwenye kila ukurasa wa kushoto.

Folda ya mtoa mada ni ya aina hii ya mwisho. Kisha tunalaumu vitabu vya bure vyote.

#5 Mla Karatasi
Dada, la kidole gumba nimelikubali. Ila swali langu linabaki. Hata hizo za halali hazimalizwi. Project Gutenberg imekuwepo tangu miaka ya tisini, ina maelfu ya vitabu, EPUB safi kabisa kama anavyotaka Fundi. Nani amemaliza?

#6 Dada Mkutubi
Si miaka ya tisini. Michael Hart aliichapa nakala ya kwanza, Tamko la Uhuru la Marekani, tarehe 4 Julai 1971, kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois. Leo vitabu vimepita 70,000. Usafi wake una sababu: tangu 2000 kuna kundi la Distributed Proofreaders, ambapo kila ukurasa unasomwa na watu kadhaa mmoja baada ya mwingine, wakilinganisha maandishi na picha ya ukurasa wenyewe. PDF ya Telegram haijasomwa na mtu hata mmoja, hata aliyeiskani hakuisoma.

Hasara ya Gutenberg kwa msomaji wetu ni nyingine: vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza kwa wingi, na ni vya zamani kwa sababu sheria ya Marekani inalinda vitabu vingi vya karne iliyopita kwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Ukitaka kujifunza umeme wa jua, huko hupati.

#7 Kete ya Mwisho
Mimi nadhani wote mnazunguka. Ni arifa. Kitabu kiko kwenye kifaa kile kile chenye WhatsApp. Ukizima data na kuweka hali ya ndege, PDF ile ile ya pointi 4 inasomwa.

#8 Chumvi ya Pemba
#7 hali ya ndege halafu mchezo wa nyoka uko wapi?

#9 Fundi Epub
#7 inasaidia, ila kuna jambo dogo linaloua zaidi ya arifa, na watu hawalijui. Faili linalofunguliwa moja kwa moja ndani ya Telegram linakaa kwenye hifadhi ya muda ya Telegram. Ukisafisha hifadhi kwa sababu simu imejaa, au ukiwa umeweka ijifute kila baada ya wiki, kitabu kimeondoka na ukurasa uliofikia umeondoka. Ukipakua tena, programu nyingi zinaliona kama faili jipya na kukufungulia jalada.

Dawa: bonyeza nukta tatu kwenye faili, hifadhi kwenye folda ya vipakuliwa, tengeneza folda moja iitwe Vitabu, hamishia humo, fungua ukiwa ndani ya programu ya kusomea na si ndani ya Telegram. Baada ya hapo usilibadilishe jina wala kulihamisha.

Mtu akipoteza ukurasa mara mbili, ya tatu harudi. Ndiyo maana unakuta zote zimekomea ukurasa wa 11. Si kwamba kachoka, kila siku anaanza upya.

#10 Mtu wa Likoni
Sasa wadau, mbona hamtaji karatasi yenyewe? Kuna uchambuzi wa Delgado na wenzake wa 2018, uliounganisha tafiti 54 za kati ya 2000 na 2017. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi ya waliosoma kwenye kioo, na pengo lilizidi pale msomaji alipobanwa na muda. Hiyo si PDF wala Telegram. Ni kioo.

#11 Dada Mkutubi
#10 malizia na sehemu ya pili ya uchambuzi huo huo: pengo lilikuwa dogo, na kwa hadithi halikuonekana. Lilikuwa kwenye maandishi ya maarifa, yaani kama vitabu vya kiada. Kwa hiyo riwaya ya bure kwenye simu haina kesi. Fizikia ya kidato cha tano ndiyo yenye kesi.

#12 Mtu wa Likoni
Sawa bibie, nimekubali nusu. Lakini hiyo nusu ndiyo inayofanya mtihani.

#13 Mzee wa Steshenari
Kama ni kiada, chapeni. Tena chapeni kwa akili, maana kila siku watu wanaleta flashi na kuondoka na mzigo wa karatasi usiobebeka.

Kitabu cha A5 chenye kurasa 240: weka kurasa mbili upande mmoja wa A4 kwa mpangilio wa kijitabu (booklet), chapa pande zote mbili. Ni karatasi 60 tu, pande 120. Ukitozwa Sh 100 kwa upande, ni Sh 12,000, hela ya kubaindi mbali. Ukichapa ukurasa mmoja kwa upande mmoja wa karatasi ni karatasi 240, Sh 24,000, na kitabu kinene kama tofali.

Kosa la pili ni rangi ya nyuma. PDF iliyoskaniwa kwa simu ina kivuli cha kijivu ukurasa mzima. Printa inakisoma kama wino, inamwaga tona kwenye kijivu, na maandishi yanatoka hafifu. Kabla ya kuja, geuza kurasa ziwe nyeusi na nyeupe tupu. Karibu kila programu ya kuskania kwa simu ina kichujio hicho. Kata pambizo kabla ya kupanga mbili mbili, usikate baada.

Mwisho, chapa karatasi moja ya majaribio, ikunje, uhakikishe ukurasa wa 2 uko mgongoni mwa wa 1. Ukikosea upande wa kugeuzia, nusu ya kitabu inasimama kichwa chini.

#14 Mla Karatasi
Mzee kaniunga mkono bila kujua. Sh 12,000 na kubaindi, tumerudi kwenye bei ya kitabu. Bure iko wapi?

#15 Mzee wa Steshenari
Najua vizuri. Nauza karatasi.

#16 Wakili wa Mtaa
Na kabla ya kuchapa, muulize Dada Mkutubi ni "bure" ipi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kenya ni hivyo hivyo kwa sheria yao ya 2001. Uingereza na Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Matokeo yake, kitabu kimoja kinaweza kuwa huru Dodoma na kikawa na mwenyewe London.

Mfano unaoulizwa sana: Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu ya miaka 50, muda uliisha 2012. Lakini msikimbie na skana. Toleo la leo la dukani lina dibaji ya mtu mwingine, sherehe ya maneno ya mtu mwingine, michoro ya mtu mwingine. Hizo zina muda wao. Kilicho huru ni maandishi ya marehemu, si kila kilichobanwa ndani ya jalada.

#17 Chumvi ya Pemba
Wakili, umetaja sheria ya 1999 kana kwamba inavuka bahari. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na chombo chake, COSOZA. COSOTA ni ya Bara. Mtu akiskani Chake Chake, usimpeleke Dar.

#18 Wakili wa Mtaa
Sahihi kabisa, sheria niliyoitaja ni ya Bara. Ahsante.

#19 Chumvi ya Pemba
Leo nimesema la maana, mliandike ukutani.

#20 Sauti Kwanza
Nyote mnasoma kwa macho. Kuna wasomaji wasioona, na kuna wanaosikiliza kwenye daladala. Kwao faida ya nakala laini ni kubwa kuliko yote mliyotaja, na hasara yake iko sehemu moja ndogo sana.

PDF ya picha haina maandishi. Simu haioni herufi, inaona picha ya ukurasa. Jaribu kugusa neno kwa kidole muda mrefu: lisipowekewa alama, hiyo ni picha, haitasomwa kwa sauti.

EPUB yenye maandishi nayo inaweza kukwama. Ndani ya faili kuna mstari unaosema lugha ya kitabu. Watengenezaji wengi wanauacha ulivyo, "en". Simu ikiona hivyo inaita sauti ya Kiingereza, na "nyumba ya nyuma" inatoka kama mzungu aliyemeza ndizi ya moto. Fungua kitabu kwenye Calibre, programu ya vitabu ya kompyuta, hariri maelezo ya kitabu, badilisha lugha iwe Kiswahili, hifadhi, hamishia tena kwenye simu. Kisha kwenye simu ingia mipangilio ya sauti ya kusoma maandishi, pakua sauti ya Kiswahili ya Google ukiwa na Wi-Fi, ili isitafute mtandao kila sentensi.

#21 Msomi wa Bando
Ahsante #20. Na hiyo PDF ya picha inageuzwaje maandishi? Calibre inanipa ukurasa mweupe.

#22 Fundi Epub
Calibre haisomi picha. Unahitaji OCR kwanza, yaani programu inayotambua herufi ndani ya picha. Kwenye kompyuta weka OCRmyPDF pamoja na kifurushi cha Kiswahili cha Tesseract, injini yake ya kutambua herufi, halafu:

ocrmypdf -l swa --deskew --rotate-pages kitabu.pdf kitabu2.pdf

Ukiacha "-l swa" inadhani ni Kiingereza. Kama Kiswahili kimechanganyika na Kiingereza andika "-l swa+eng". Ikigoma kwa kusema ukurasa tayari una maandishi, na maandishi hayo ni takataka, ongeza --force-ocr. Kama ni mazuri ila kurasa chache ndizo picha, tumia --skip-text.

Mambo yanayoharibika, nayataja ili usishangae:
"rn" na "m" zinabadilishana. "Kumbe" utaiona kila mahali ikiwa "kurnbe".
Kibainishi cha ng' kinaliwa. Ng'ombe anakuwa ngombe, ng'ambo inakuwa ngambo.
Herufi l inakuwa namba 1.
Kitabu kilichofunguliwa kwa nguvu ya kiganja, mistari ya karibu na mshono inapinda, na maneno ya upande huo yanatoka hovyo. Hiyo hairekebishiki, skani upya.

Baada ya hapo ndipo upeleke Calibre kugeuza EPUB.

#23 Dada Mkutubi
Ongeza vistari, Fundi. Hilo ndilo linalotesa Kiswahili kuliko lugha nyingine.

#24 Fundi Epub
Kweli, nilisahau. Kitabu cha karatasi kinakata neno mwisho wa mstari: "hatutawache-" kisha chini "lewesha". Ukigeuza, unabaki na "hatutawache-lewesha" katikati ya sentensi. Calibre ina usindikaji wa kubahatisha (Heuristic Processing) unaoondoa vistari hivyo, na unafanya kazi kwa ujanja mmoja: unatafuta kama neno hilo bila kistari lipo mahali pengine ndani ya kitabu hicho hicho. Likiwepo, unaunganisha. Lisipokuwepo, unaacha.

Kwa Kiingereza ujanja huo unafaa, maneno yanajirudia. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtenda, wakati, mtendwa na mnyambuliko humo humo. "Hatutawachelewesha" inaweza kuonekana mara moja tu katika kurasa 300. Kwa hiyo vistari vinabaki mamia. Dawa: hamisha kitabu kwenye kihariri cha Calibre, tafuta kwa regex, yaani kwa mpangilio wa herufi badala ya neno kamili:

([a-z])-\s+([a-z])

badilisha kwa \1\2, lakini bonyeza moja moja. Usibonyeze badilisha zote, utaunganisha kistari cha kweli kilichoachiwa nafasi. Kama vistari havina nafasi baada yake, ondoa \s+ na uongeze umakini mara mbili: "moja-moja" itakuwa "mojamoja".

Vichwa vya juu ya ukurasa navyo vinaingia katikati ya aya: "alimshika mkono SURA YA TATU 57 akamwambia". Vitafute kwa mtindo huo huo kabla ya kugeuza, kwenye sehemu ya kutafuta na kubadilisha.

#25 Msomi wa Bando
Hii si kusoma, hii ni ajira.

#26 Mla Karatasi
#25 umenisemea. Kitabu cha bure kinadai kompyuta, amri, regex na mchana mzima. Cha Sh 15,000 unafungua.

#27 Mlinzi wa Faili
Na hamjagusa hatari. Tovuti za "pakua bure" zina vitufe vinne vya kupakua, vitatu ni matangazo. Kinachoshuka kinaitwa kitabu.pdf.apk, na ukisoma haraka unaona kitabu.pdf tu. Kanuni ni moja: kitabu hakiombi kusakinishwa. Simu ikiuliza ruhusa ya kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana, bonyeza hapana, futa faili.

Njia ya kuhakikisha: fungua faili kwa kihariri cha maandishi. PDF ya kweli inaanza na %PDF-. EPUB inaanza na PK kwa sababu ni zip. Kitu kingine, futa.

#28 Fundi Epub
#27 hapo kwenye PK utawaponza watu. APK, yaani faili la kusakinisha programu, nayo ni zip, nayo inaanza na PK. Lifungue kwa programu ya zip uangalie ndani. EPUB ina faili dogo linaloitwa mimetype lenye maneno application/epub+zip, na container.xml ndani ya folda ya META-INF. Ukikuta classes.dex na AndroidManifest.xml, hiyo ni programu hata ikijiita Kamusi.

#29 Mlinzi wa Faili
Nimerekebishwa. META-INF peke yake haitoshi pia, APK nyingi zinayo. Angalieni hilo container.xml.

#30 Mwalimu wa Zamu
Hatari kubwa ya nakala za bure shuleni si virusi, ni toleo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, darasa kwa darasa. PDF zinazozunguka kwenye makundi ni za mtaala wa zamani, jalada limekatwa, ukurasa wa pili wenye mwaka haupo. Mtoto anakariri mada zilizohamishwa kidato. Kabla ya kumpa mtoto faili, tafuta ukurasa wenye mwaka wa toleo na ISBN. Kama haupo, kalinganishe orodha ya mada na nakala iliyoko Maktaba Mtandao. Vitabu vya tiba vivyo hivyo: dozi ya toleo la zamani isitumike kwa mgonjwa wa leo.

Na huko kwa vitabu ambavyo muda wa hakimiliki uliisha kuna jambo la tahajia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa 1930. Maandiko ya kabla yake yana tahajia za kila mtu na lahaja yake. Kamusi ya Krapf ya 1882 iko bure Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ni hazina, lakini imeegemea Kimvita, lahaja ya Mombasa, na yeye mwenyewe anaandika "Suahili". Mwanafunzi akiinukuu kwenye insha anakatwa alama.

#31 Mtu wa Likoni
Kimvita kimeegemewa halafu mnakata alama. Sawa tu.

#32 Dada Mkutubi
Kuhusu Internet Archive: wakipakua hiyo ya Krapf wasichukue EPUB. Ile inatengenezwa na mashine moja kwa moja kutoka kwenye OCR, na kwa kitabu chenye safu mbili na alama juu ya herufi inatoka uji. Chukueni PDF, laza simu, rudi #2.

Pia msitegemee kila kilichopo pale kitabaki. Walikuwa wanaazimisha vitabu vyenye hakimiliki kwa nakala walizoskani, wachapishaji wakashitaki, mahakama ikawapinga Machi 2023, rufaa ikashindwa Septemba 2024. Vitabu zaidi ya 500,000 vikaondolewa kwenye uazimishaji. Vya muda ulioisha havikuguswa.

#33 Kete ya Mwisho
Na cha kununua kinabaki? Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya kusomea vya Kindle vya watu waliokwisha lipa, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Hela ilirudishwa, kitabu kikaondoka, na maelezo ya pembeni ya wasomaji yakakosa maana. EPUB ya Gutenberg haina kufuli, ukiiweka kwenye flashi ni yako. Kwa hiyo Mla Karatasi, kuna kitabu cha bure chenye mwenyewe kuliko cha kulipia.

#34 Mla Karatasi
Mimi sikusema kulipia cha Kindle. Nimesema karatasi. Nani amewahi kuja kufuta kitabu cha karatasi kwa mbali?

#35 Chumvi ya Pemba
Mchwa.

#36 Mzee wa Steshenari
Na muuza karanga. Kitabu cha karatasi kikichoka kinafungia karanga. PDF hufungii hata bisi.

#37 Msomi wa Bando
Turudi kwenye gharama. PDF ya picha yenye kurasa 250 ni MB 40 hivi, EPUB ya riwaya isiyo na picha haifiki MB 1, nyingi ni nusu yake. GB moja inakupa PDF 25 au EPUB zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo "bure" inategemea umepakua nini. Na kwa nini simu yangu inaganda kwenye PDF hizo hata baada ya kupakua?

#38 Fundi Epub
Kwa sababu ya ukubwa ukifunguliwa, si ukubwa wa faili. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa 300 dpi (nukta kwa inchi) una pikseli 2480 kwa 3508, yaani milioni 8.7. Simu ikiuchora kwa rangi, kila pikseli inachukua baiti nne: MB 35 kwa ukurasa mmoja. Programu inaandaa ukurasa uliopita, uliopo na unaofuata. Hapo umepita MB 100, na simu ya RAM GB 2 imebakiwa na kidogo sana.

Punguza kwa Ghostscript, programu ya kompyuta ya kushughulikia PDF, mpangilio wa /ebook, unashusha picha hadi 150 dpi. Ukurasa unakuwa robo ya pikseli. Usitumie /screen, ile ni 72 dpi, herufi za chini ya pointi 10 zinakuwa nzi. Na fanya OCR kabla ya kupunguza, si baada.

#39 Kete ya Mwisho
Bado nasema ni arifa.

#40 Mtu wa Likoni
Bado nasema ni kioo.

#41 Mla Karatasi
Na mimi bado nasema ni bure. Fundi katoa dawa kumi, kila moja ina nusu siku ya kazi. Aliyetoa nusu siku yake kwenye kitabu kimoja atakimaliza, maana sasa amekilipia.

#42 Fundi Epub
Hapo umenibana kidogo. Lakini EPUB iliyosafishwa na mmoja inasomwa na elfu, na hao elfu hawajalipa hiyo nusu siku.

#43 Msomi wa Bando
Swali dogo kabla uzi haujapotea. Kwenye EPUB ya Kiswahili natafuta neno ng'ombe, simu inasema hakuna, na ng'ombe namwona kwenye ukurasa huo huo.

#44 Sauti Kwanza
Kibainishi. Kitabu kimetumia kile kilichopinda, ’, na kibodi yako inaandika kilichonyooka, '. Kwa simu ni herufi mbili tofauti. Tafuta "ombe" tu.

#45 Msomi wa Bando
Imekubali. Imeleta ng'ombe 6 na maombezi 31.

#46 Chumvi ya Pemba
Kitabu cha mfugaji aliyekata tamaa.